Mafunzo ya uhusiano mwema ng'ambo kwa vijana wa Lamu na Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nianze na nini: visa, mdhamini au kampuni?

Anza na kampuni, yaani ofisi ya uhusiano mwema (PR) itakayokupokea kwa mafunzo. Wengi hupoteza mwaka mzima wakisaka "mdhamini" kana kwamba yuko mtu fulani amekaa na visa mfukoni, anangoja aombwe. Hayuko. Kila nchi ina karatasi moja ambayo ndiyo roho ya safari, na karatasi hiyo ina mwenyewe. Marekani ni fomu DS-2019, nayo hutolewa na shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Uingereza ni namba ya udhamini, hutolewa na shirika lenye leseni ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ujerumani ni kibali cha Shirika la Ajira la serikali. Italia ni mpango wa mafunzo uliopitishwa na serikali ya jimbo. Ubalozi hautoi hata moja kati ya hizo. Wao wanazipokea tu na kuamua juu yake.

Kwa hiyo mtu akikuahidi "visa ya mafunzo", muulize swali moja: hiyo karatasi ataitoa nani, na jina la huyo mtoaji liko kwenye orodha gani ya serikali? Akianza kuzunguka mbuyu, nyanyuka uende zako.

Kwani mdhamini na kampuni nitakayofanyia kazi si kitu kimoja?

Kwa Marekani aghalabu si kimoja. Kampuni ya uhusiano mwema iliyoko New York ndiyo mwenyeji wako: itakupa meza, kazi na pengine posho. Mdhamini ni shirika jingine kabisa, ambalo hukagua karatasi zako na za kampuni, huandika DS-2019 na hukufuatilia mpaka umalize. Orodha ya wadhamini wote walioidhinishwa iko wazi kwenye tovuti ya serikali, j1visa.state.gov, na unaweza kuichuja ubaki na wale wa mafunzo peke yao. Hatari ni hii: baadhi ya wadhamini hawatafutii mtu kampuni. Ukiwalipa bila kuwa na mwenyeji, utangoja usipate kitu.

Nafaa visa ya J-1, ile ya mafunzo ya Marekani?

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni wa mwanagenzi: uwe bado unasoma chuo nje ya Marekani, au uwe umehitimu si zaidi ya miezi 12 kabla mafunzo hayajaanza. Muda wake haupiti miezi 12. Wa pili ni wa anayejiendeleza kikazi: uwe na shahada au stashahada pamoja na mwaka mmoja wa kazi ya fani hiyo nje ya Marekani, au, kama huna cheti, miaka 5 ya kazi. Huo unafika miezi 18.

Angalia tarehe ya mahafali yako vizuri. Aliyehitimu Pwani au Mombasa halafu akakaa nyumbani miezi 14 "akijipanga" amejifungia mlango wa kwanza, na wa pili haujamfungukia kwa sababu hajafanya kazi mwaka mzima. Hilo ni kosa linalotokea mara nyingi, na halina dawa ila kwenda kutafuta huo mwaka wa kazi.

Hatua zenyewe ni zipi, na zinakula pesa ngapi?

Ukishapata barua ya kampuni, wewe na kampuni mnajaza fomu DS-7002, ambayo ni mpango wa mafunzo. Mdhamini anaipitia, anakufanyia mahojiano ya Kiingereza au anakubali mtihani unaotambulika, kisha anatoa DS-2019. Hapo unalipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi na wanagenzi wa kigeni, dola 220, unajaza DS-160, fomu ya kuomba visa, mtandaoni, unalipa ada ya visa dola 185, halafu unachukua tarehe ya mahojiano ubalozini Gigiri, Nairobi. Hizo ada mbili peke yake zinapita shilingi 50,000, na ukikataliwa visa hazirudi. Ada ya mdhamini ni mbali, na mara nyingi inazidi dola 1,000. Kampuni nyingine huilipa zenyewe, kwa hiyo uliza mapema. Kuna bima pia. Sheria inataka ikukinge kwa angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kukurudisha nyumbani kwa matibabu, na dola 25,000 za kurudisha maiti. Si maneno mazuri kumsomea mama, lakini bila bima hiyo DS-2019 haitoki.

Jipe miezi 5 hadi 6 tangu barua ya kampuni hadi kupanda ndege.

Hiyo DS-7002 inajazwaje? Kampuni imeniambia niandike mwenyewe.

Kampuni nyingi husema hivyo, na hapo ndipo maombi yanapofia. Fomu inataka kila awamu ya mafunzo iwe na lengo, kazi, jina la msimamizi na namna ya kukupima. Kazi za karani, yaani kupokea simu, kutoa nakala na kupanga mafaili, haziruhusiwi kupita asilimia 20. Saa za kazi zisipungue 32 kwa wiki.

Mtu akiandika "atasaidia idara ya mawasiliano katika shughuli mbalimbali", fomu inarudi. Andika hivi: awamu ya kwanza, wiki ya 1 hadi ya 8, kufuatilia habari za wateja wawili kila asubuhi na kuandaa muhtasari wa ukurasa mmoja kabla ya saa tatu, kujenga orodha ya wanahabari 60 wa sekta ya utalii na kuihakiki kwa simu. Awamu ya pili, kuandika rasimu za taarifa kwa vyombo vya habari, mbili kwa mwezi, zikisahihishwa na msimamizi kwa maandishi. Awamu ya tatu, kuandaa ripoti ya kampeni: nani aliandika, kwa mtazamo gani, na wasomaji walifanya nini baada ya kusoma. Ukitaja kwamba thamani ya habari haitapimwa kwa bei ya tangazo la ukubwa ule ule, msimamizi atajua umeisoma fani. Kanuni za Barcelona za mwaka 2010, zinazoongoza upimaji wa kazi za mawasiliano, ziliukataa upimaji huo, ingawa wapo wanaoung'ang'ania mpaka leo.

Kampuni ndogo ilinipenda, halafu ikanyamaza. Kwa nini?

Pengine walisoma masharti. Mwenyeji ambaye hajawahi kupokea mwanagenzi, na ana wafanyakazi chini ya 25 au mapato chini ya dola milioni 3 kwa mwaka, lazima mdhamini akamtembelee ofisini kwanza. Ziara hiyo ina ada na inachukua wiki kadhaa. Maduka mengi ya uhusiano mwema ni ya watu wanane au kumi, basi yanaona tabu. Usiwangoje wagundue wenyewe. Waandikie: "Huenda mdhamini akahitaji kuwatembelea, nimeshauliza, ni jambo la siku moja, na gharama yake ni kiasi hiki." Anayekuja na jibu la swali ambalo hawajauliza huwapunguzia woga.

Uingereza kukoje?

Njia yake ni visa ya muda ya mabadilishano yaliyoidhinishwa na serikali. Kwa mipango ya kupata uzoefu wa kazi haizidi miezi 12. Hapa pia si kampuni inayokudhamini moja kwa moja, ni shirika la juu linalosimamia mpango. Jina lake lazima liwe kwenye daftari la wadhamini wenye leseni kwenye gov.uk, tena chini ya njia hiyo hiyo ya mabadilishano. Kampuni yenye leseni ya wafanyakazi wenye ujuzi peke yake haikusaidii.

Kile kinachoitwa cheti cha udhamini si cheti cha kutundika ukutani. Ni namba katika mfumo wa kompyuta. Ukiuziwa karatasi yenye muhuri wa dhahabu na tai, umeuziwa picha. Namba ikishatoka una miezi 3 ya kuomba visa.

Halafu pesa: pauni 1,270, zaidi ya shilingi laki mbili, zikae kwenye akaunti yako siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, isipokuwa mdhamini ameandika kwamba atakugharamia mwezi wa kwanza. Mjomba akikupa laki mbili na nusu Jumatatu, ukatoa elfu sitini Alhamisi kulipia harusi ya dada, umeanza kuhesabu upya. Ukikaa zaidi ya miezi 6 utahitaji kipimo cha kifua kikuu, ambacho kwa Kenya hufanyika kwenye kliniki iliyoidhinishwa Nairobi, pamoja na ada ya huduma ya afya ya huko. Ile visa ya vijana ambayo watu huitaja mitandaoni haiwahusu Wakenya.

Ujerumani na Italia?

Ujerumani inapokea mwanafunzi wa chuo cha nje kwa mafunzo yanayohusiana na masomo yake, akishamaliza muhula wa nne, kwa hiyo mwaka wa tatu wa shahada ndio wakati mzuri. Kampuni ndiyo inayoomba kibali cha Shirika la Ajira, kisha wewe ndipo unaomba visa. Mafunzo ya hiari yakipita miezi 3, kampuni inabanwa na kima cha chini cha mshahara. Ndiyo maana utaona nafasi nyingi za wiki 12 kamili. Kijerumani chako kikiwa kidogo, lenga idara za mawasiliano za mashirika ya kimataifa, maana kumwandikia mhariri wa gazeti la Ujerumani kwa Kiingereza ni kazi bure.

Italia ndiko Malindi ina turufu. Kijana aliyekulia Casuarina au Watamu akizungumza Kiitaliano kila siku ana kitu ambacho mhitimu wa Nairobi hana. Sheria yao inaruhusu mafunzo ya miezi 3 hadi 12 kwa mtu aliye nje ya Ulaya anayekamilisha mafunzo ya kazi aliyoyaanza kwao, kwa mpango unaoandikwa na mwenyeji pamoja na taasisi ya kukuza ajira, kisha jimbo linaupitisha. Ukishapitishwa, peleka ombi la visa ubalozini Nairobi bila kuchelewa. Kiitaliano cha ufukweni ni kizuri kwa kuanzia, lakini kajiandikishe kwa mtihani wa lugha, kwa sababu kuongea na kuandika taarifa ya habari ni mambo mawili.

Si bora nisome huko kwanza, nifanye mafunzo baadaye?

Kama una ufadhili wa masomo, ndiyo, na kwa kweli ndiyo njia imara zaidi. Marekani mwenye visa ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anaweza, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja wa masomo, kufanya mafunzo yaliyo sehemu ya mtaala kwa ruhusa ya chuo, na akihitimu ana miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yake. Ila akitumia miezi 12 kamili ya mafunzo ya mtaala kwa saa zote za kazi, ile 12 ya baadaye inafutika. Wenye fani za sayansi huongezewa miezi 24. Uhusiano mwema kwa kawaida haumo. Uingereza mwanafunzi wa shahada hafanyi kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na mafunzo yasiyo na malipo huhesabiwa humo humo.

Umoja wa Mataifa na Umoja wa Ulaya?

Tume ya Ulaya ina mafunzo ya miezi 5 yenye malipo, yanaanza Machi 1 na Oktoba 1, na idara zake za mawasiliano hupokea watu. Nafasi za wasio raia wa Ulaya ni chache na lazima uwe umeshahitimu. Umoja wa Mataifa haukati visa kwa niaba yako wala hautozi ada yoyote ya maombi. Na kabla hujafikiria Geneva, kumbuka makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira, na UN-Habitat, la makazi, yako Gigiri. Miezi sita hapo haihitaji visa, na wasifu wako unasomeka kimataifa.

Mjomba yuko Dubai, anasema atanipatia "visa huru" halafu nitajitafutia.

Hakuna visa ya mafunzo yenye jina hilo. Ni visa ya mwajiri mmoja, anayoiuza kwa mtu atakayefanya kazi kwingine, na ukikamatwa hata wewe unaadhibiwa. Sheria ya kazi ya Emirates inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Mjomba ana nia njema. Mwombe akutafutie barua ya kampuni.

Sina uzoefu. Nitaonyesha nini?

Lamu imejaa kazi za uhusiano mwema zinazofanywa na watu wasioziita hivyo. Tamasha la Utamaduni, Maulidi, mashindano ya majahazi, hoteli za Shela, vikundi vya wavuvi vinavyodai fidia kwa sababu ya bandari mpya, mji wenyewe uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Malindi kuna hifadhi ya bahari, kuna kobe wa Watamu, kuna wenye hoteli ambao kila msimu wanalalamika habari za usalama zinawafukuzia wageni. Chagua mmoja, mfanyie kazi miezi mitatu, uweke ushahidi.

Jalada, yaani mkusanyo wa kazi zako, likiwa na vitu vitano linatosha: taarifa mbili kwa vyombo vya habari, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kiingereza, orodha ya wanahabari uliowatumia, bila namba zao za simu, nakala ya habari iliyotoka au sauti ya redio iliyoisoma, kalenda ya mwezi mmoja ya kurasa za mtandao, na ukurasa mmoja wa kueleza jambo lililokwenda kombo na ulivyolijibu. Huo ukurasa wa mwisho ndio wanaousoma kwanza. Mashua ya wageni imekwama Manda na picha zimeshasambaa: ulimpigia nani, ulisema nini saa ya kwanza, ulikataa kusema nini?

Usiandike "nilisaidia tamasha". Andika "niliandika taarifa 3, vituo 2 vya redio vilizisoma, mhariri 1 alinipigia kuuliza zaidi". Kidogo cha kweli kinatosha. Wenye fani hii kazi yao ni kunusa chumvi iliyozidi.

Niwaandikieje kampuni?

Barua pepe fupi, maneno 150, kwa mtu mwenye jina. Sentensi ya kwanza imhusu yeye na mteja wake, ya pili ikuhusu wewe, ya tatu ieleze visa: nani mdhamini, kampuni itatakiwa kufanya nini, itagharimu nini. Kiungo kimoja cha jalada. Kwa mafunzo ya majira ya joto ya Juni, waandikie kuanzia Oktoba, Aprili umeshachelewa. Jumbe 40 zilizoandikwa moja moja zinashinda 400 za kunakili. Kampuni kubwa zenye ofisi Nairobi, kama Ogilvy, jaribu kuingilia huku huku kwanza.

Jina langu ni Swaleh kwenye kitambulisho na Saleh kwenye cheti cha KCSE. Ni tatizo?

Ni tatizo, na pwani yetu ndilo tatizo namba moja. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwetu ni jina moja. Kwa kompyuta ya ubalozi ni watu watatu. Weka karatasi zote mezani usiku mmoja: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, KCSE, matokeo ya chuo. Pasipoti ndiyo kiongozi, na DS-2019 lazima iifuate herufi kwa herufi, "bin" na "binti" zikiwemo. Tofauti ndogo inamalizwa na kiapo mbele ya wakili kinachosema majina hayo ni ya mtu mmoja. Tofauti kubwa, kwa mfano jina la babu limeachwa kabisa, rekebisha kitambulisho kabla ya kuomba pasipoti, usije ukalipa mara mbili: pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 kwenye eCitizen. Cheti cha tabia njema ni 1,050.

Mtu wa Faza au Kizingitini apange safari moja: boti mpaka Mokowe, basi la alfajiri kupitia Witu na Garsen, pasipoti na alama za vidole Mombasa, kisha treni ya Miritini kama mahojiano yamekaribia. Usipange kufika Nairobi siku hiyo hiyo ya mahojiano. Bahari ikichafuka, au basi likazuiwa njiani, tarehe imekwenda.

Ubalozini wataniuliza nini?

Utafanya nini hasa, kwa nini huko, na ukirudi utafanya nini. Jibu la tatu ndilo linalowaangusha watu. "Nitarudi kujenga taifa" halisemi kitu. "Kaunti na hoteli zinatafuta watu wa mawasiliano, na hii ni barua ya hoteli niliyofanyia kazi" linasema. Mahojiano huchukua dakika chache, basi jibu liwe fupi.

DS-160 inataka majina ya akaunti zako zote za mitandao za miaka 5 iliyopita, na tangu Juni 2025 waombaji wa visa za F, M na J, yaani za masomo, ufundi na mabadilishano, wanatakiwa waziache wazi kwa umma. Kwako wewe akaunti hizo ni sehemu ya jalada. Usifute kila kitu wiki ya mwisho, inaonekana vibaya. Ila hakikisha yaliyoko hapo hayapingani na uliyoandika kwenye fomu.

Hijabu kwenye picha? Swala ya Ijumaa? Mteja wa pombe?

Hijabu inaruhusiwa mradi uso wote uonekane bila kivuli. Miwani hairuhusiwi kwenye picha ya visa ya Marekani. Swala, iseme baada ya kupata barua, kabla ya kusaini: saa moja Ijumaa, utaifidia jioni. Kuhusu wateja, omba orodha yao mapema. Kampuni nyingi zina kiwanda cha bia au kampuni ya kamari, na ni rahisi kupangiwa timu nyingine kabla ya kuanza kuliko katikati ya kampeni.

Ajenti anataka shilingi 60,000 "za kushikilia nafasi".

Usitoe. Ajenti wa ajira nje anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha yao inasomeka mtandaoni. Mdhamini wa kweli hakutozi kupitia namba ya simu ya mtu binafsi, hakukatazi kuzungumza na kampuni, na hashiki pasipoti yako. Barua ya ahadi ikija, tafuta namba ya kampuni wewe mwenyewe, si ile iliyo kwenye barua, upige uulize kama huyo aliyesaini anafanya kazi pale.

Nimekataliwa.

Soma karatasi uliyopewa. Kama ni kifungu 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, maana yake hukumridhisha ofisa kwamba utarudi. Unaweza kuomba tena, lakini ukirudi na majibu yale yale utalipa tena upate jibu lile lile. Ngoja kitu kibadilike: mwaka mmoja wa masomo, kazi, mwenyeji mwingine. Usifiche kukataliwa kwenye maombi ya nchi nyingine, kwa sababu fomu inauliza.

Nikishafika?

Marekani unaruhusiwa kuingia hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza na kubaki siku 30 baada ya kumaliza, bila kufanya kazi nje ya tarehe hizo. DS-2019, barua ya kampuni na bima viwe kwenye mkoba wa mkononi, visikae kwenye sanduku. Ukishapata anwani, mjulishe mdhamini siku hiyo hiyo ili akuthibitishe kwenye SEVIS. Zikipita siku 30 tangu tarehe ya kuanza bila uthibitisho, mfumo unakuhesabu kwamba hukufika, hata kama umeketi ofisini unaandika taarifa.